Bei ya Neno Samaki

Mume wangu alipoanza kusema anataka kununua maneno, nilidhani ni malaria. Nilimwekea mkono kwenye paji la uso, nikakuta hana joto. Akautoa mkono wangu taratibu, akaniambia nikae chini nimsikilize kama mtu mzima. Nikakaa, huku nikijua ugali wangu unaungua.

Tulikuwa tunaishi Malaba, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri, karibu na barabara kuu kiasi kwamba lori likifunga breki vikombe vyetu vilitetemeka kabatini. Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na mwisho wake, kabla ya zile mvua za El Nino kutuharibia barabara. Yeye alikuwa karani wa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kukimbiza makaratasi ya madereva kutoka dirisha hadi dirisha mpaka malori yaruhusiwe kuvuka kwenda Uganda. Mimi nilikuwa nashona nguo barazani. Nimezaliwa upande wa Kocholia, Mteso wa jembe na ng'ombe, nikaolewa na Msamia wa samaki, na ulimi wangu haukuwahi kuogopa ukweni. Nasema hilo mapema ili mtu asije akashangaa mbele.

Wiki hiyo gari la Mzungu mmoja lilikuwa limekwama mpakani kwa kukosa muhuri kwenye karatasi moja. Mzungu mwenyewe akawa anashinda ofisini kwao, anakunywa soda na kupiga soga. Ndiye aliyewasimulia kuhusu Intaneti. Alisema kwao kompyuta zimeunganishwa kwa nyaya za simu, na kila anayetaka kuonekana humo ndani lazima awe na jina, kama duka linavyokuwa na bango. Jina linasajiliwa kwa ada ndogo, na anayefika kwanza ndiye mwenyewe. Wajanja, alisema, hawasajili majina yao. Wanasajili maneno ya kawaida, kahawa, viatu, magari, halafu wanakaa wakingoja kampuni kubwa ije kuwabembeleza.

"Nikamuuliza, hayo maneno yalikuwa ya nani hapo mbeleni?" mume wangu akaniambia. "Akasema hayana mwenyewe. Unasikia? Hayana mwenyewe!"

"Kama hayana mwenyewe, ni ya kila mtu."

"Hiyo ndio akili ya shamba."

"Na hiyo shamba ndio imeleta unga ya hiyo ugali unangojea."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na alikuwa anajua kuongea, na hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nimpende. Ili mtu amwelewe lazima ajue kwamba maisha yake yote ya kazi yalikuwa getini. Pale Malaba aliona kwamba anayelima mahindi analala njaa, anayeyabeba anachelewa barabarani wiki nzima, lakini anayesimama mahali ambapo lazima watu wapite, huyo anakula asubuhi, mchana na jioni. Kwake yeye neno lilikuwa geti. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yameshachukuliwa yote ya maana, Mzungu alimwambia hivyo. Lakini ya Kiswahili yalikuwa bado yanazurura huko nje kama ng'ombe wasio na mchungaji.

"Angalia," akanieleza, akichora na kidole mezani. "Kuna siku mtu wa Kampala atakaa mbele ya hiyo mashini, anataka samaki. Hataandika jina ya mama yangu, hamjui. Ataandika samaki. Na nani atakuwa kwa mlango? Mimi."

Sitasema kwamba nilimcheka moyoni. Kwa siku kadhaa nilishona vibaya, nikiwaza maneno. Nilikuwa nikimpima mteja kiuno na kujiuliza kama neno nguo nalo bado liko. Kitu kilichonikera ni kwamba sikuweza kuamua kama mume wangu ana wazimu au ana macho ya mbali, na mpaka leo sijaamua.

Mamake alikuwa anauza samaki katika soko la Busia. Alikuwa na meza yake chini ya mabati, karibu kabisa na lango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aone samaki wake kabla ya kuona wa mtu mwingine. Samaki walifika alfajiri kutoka Sio Port na Port Victoria, naye alikuwa pale kila siku kabla ya gari. Meza ile ndiyo iliyomlea mume wangu, ikamvisha, ikamsomesha mpaka akajua kuandika yale makaratasi ya forodha. Kanso, yaani baraza la mji, ilikuwa inatoza ushuru, lakini wenye meza walikuwa ni akina mama wenyewe. Aliyetaka kuondoka alimwachia mwenzake mbele ya wengine wote, kwa malipo waliyokubaliana, na jambo likaisha hivyo bila wakili wala muhuri.

Hiyo meza ndiyo mume wangu aliyotaka iuzwe, maana ada ndogo ya Mzungu kwetu ilikuwa pesa nyingi.

Tulikwenda Jumapili moja baada ya ibada. Njia nzima kupitia Adungosi sikumsemesha. Tulimkuta mama nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga pale mjini, miguu ameiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi kwa sababu ya magoti. Baba mkwe alikuwa akiishi kijijini, kupita Nangina, akitunza mbuzi na kifua chake kibovu. Mume wangu alieleza habari ya maneno kwa ustadi mkubwa, kwa sauti ileile aliyotumia kuwatuliza madereva.

"Ni kama ploti, mama. Unanunua saa hii ikiwa bei ya chini, unangoja mji ikufikie."

"Hiyo ploti iko wapi?"

"Haiko mahali. Iko ndani ya kompyuta."

"Nani alipima?"

"Hakuna kupima, mama."

"Na bikoni ziliwekwa?"

Nilicheka kwa nguvu. Mume wangu akanitupia jicho. Mama mkwe hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameona ndugu wakikatana mapanga kwa sababu ya bikoni, jiwe la mpaka wa shamba, lililosogezwa, na kwake lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili anauliza.

"Mama, usikubali," nikasema. "Meza ni yako. Yeye akitaka maneno, si anayo mengi mdomoni?"

Mama akayakoroga maji kwa mguu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba huyu ni kifungua mimba wake, na mtoto akililia wembe, mpe. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Meza yangu nitapata lini?"

"Miaka miwili ikizidi sana, mama. Na itakuwa meza na duka juu yake."

Mama akakubali. Nilikasirika nikatoka nje, nikasimama uani na kuku wa majirani mpaka waliponiita chai. Meza ikaachiwa mama mmoja aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia nje ya soko, mwanamke mpole ambaye hata siku ya kukabidhiwa aliuliza mara kadhaa kama ni kweli. Tangu siku hiyo mama mkwe akawa anatembeza. Alijaza karai, akalibeba kichwani kutoka mtaa hadi mtaa, hadi kule karibu na geti la mpakani ambako vijana wa bodaboda walikuwa wakimpigia kengele atoke njiani. Mtu wa magoti yale. Nilipomuuliza hali, alisema kutembea kunamsaidia.

Maneno yalisajiliwa Nairobi na mpwa wa mume wangu, mtoto wa dadake, kijana aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta. Yalikuwa machache: samaki, mahindi, mpaka, na mengine ambayo siyakumbuki. Samaki ndilo lililokuwa mboni ya jicho. Mume wangu aliporudi kutoka Nairobi nilimwomba anionyeshe alichonunua. Hakuwa na kitu mkononi. Ukinunua mbuzi unarudi na kamba. Yeye alirudi na mkate na uso wa furaha, na mimi nikatafuna ule mkate na hasira zangu.

Mara moja tu niliona hiyo mali yetu. Baba mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya Nangina, wakamwandikia aende Kisumu akapigwe picha ya kifua. Tulimpeleka sisi watatu, mimi, mume wangu na mama. Tulipokuwa tunangoja majibu, mume wangu alituchukua mimi na mamake hadi duka moja mjini lililokuwa na kompyuta ya barua pepe, unalipa kwa dakika. Kijana wa duka akaandika samaki, akaongeza ule mkia wa herufi unaofuata, akabonyeza. Tulingoja. Simu ililia kwa ndani kama jogoo aliyekabwa. Kisha ukurasa ukafunguka, mweupe, na maneno machache ya Kiingereza katikati yakisema kwamba mahali hapa bado panatengenezwa.

"Mbona hakuna kitu?" mama akauliza.

"Ni ploti, mama. Bado hatujajenga."

Mama mkwe alisogeza uso karibu na kioo. Alikiangalia kile cheupe kwa muda mrefu, yeye aliyekuwa na magamba ya samaki bado yamekauka kwenye kiwiko. Nilitaka aseme kitu kikali. Nilikuwa nimengojea kwa muda mrefu mtu mwingine asiyekuwa mimi aseme kitu kikali.

"Ni safi," akasema. "Mmeiweka safi."

Mume wangu alifurahi kama aliyebarikiwa. Mimi nilitoka, nikasimama kando ya barabara, kwa sababu nilijua yule mama alisema vile kwa upendo, na upendo wake ndio uliokuwa unatumaliza.

Lazima nimtendee mume wangu haki. Hakuwa mjinga. Baadaye nilisikia kwamba kweli duniani kuna watu waliotajirika kwa neno moja tu la kawaida. Nikasikia pia ya wengine waliojaza ghala la maneno yakaozea mikononi mwao. Halafu wenye mitambo wakaanza kuongeza mikia mipya, huu na huu na ule, hata neno moja likaweza kuuzwa kwa watu wengi kila mmoja na mkia wake. Na siku hizi wajukuu zetu hawaandiki anwani yoyote. Wanaiuliza simu, nayo inawapeleka inakotaka. Mtu wa Malaba angepaswa kulijua hilo kuliko watu wote. Penye geti hapakosi njia ya panya, na sisi tulikuwa tukiwaona watu wa magendo kila siku wakivuka na sukari na baiskeli kule bondeni wakati maofisa wamesimama barabarani wamenyooka.

Lakini hayo ni ya sasa. Wakati ule, mwaka wa pili ukiwa unakaribia kuisha, simu ya ofisini ililia. Mpwa alikuwa na habari. Mtu wa ng'ambo alikuwa amemwandikia barua pepe akiuliza kama neno samaki linauzwa, na alikuwa ametaja bei. Mume wangu alikuja nyumbani na nyama kilo nzima. Aliponitajia ile bei nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ingerudisha meza ya mama na kubaki.

"Uza," nikasema.

"Pole pole."

"Uza leo. Nenda ofisini saa hii upige simu useme ndiyo. Yule mama wa omena ni mtu mzuri, tutamwomba, atakubali kuachia."

"Wewe unajua biashara ya hapa? Mteja wa kwanza anasalimia tu. Unampa mgongo. Akikutaka, atakuita."

Na ni kweli, hivyo ndivyo tulivyofanya biashara mpakani. Waganda walipoleta ndizi au vitenge, hakuna aliyekubali bei ya kwanza. Ungetaja yako, ungecheka, ungeondoka hatua kadhaa ukijifanya umeona kitu kizuri zaidi kule mbele, na mwenye mali angeita, "Ssebo, komawo!" nawe ungerudi ukiburuta miguu. Mtu asiyetoa mgongo alionekana ama mwizi ama mgonjwa. Mume wangu akamwagiza mpwa amjibu yule mtu kwamba hatuna haraka. Mtu akaandika tena, akaongeza kidogo. Mume wangu akampa mgongo tena. Kisha kukawa kimya.

Kila jioni nilimuuliza kama ameitwa. Mwanzo alinijibu kwa mzaha. Baadaye akawa hanijibu. Alianza kubaki ofisini akiiangalia simu, wenzake walinieleza. Mimi nami nilianza kumchukia yule mtu wa ng'ambo nisiyemjua, kwa sababu hakujua kuita.

Katikati ya kimya hicho baba mkwe akafariki.

Alifia Nangina, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Tukahamia kijijini. Msiba wa mzee wa kule si jambo la kuzika na kuondoka. Kuna ng'ombe wa kuletwa, kuna wakwe wa kungojwa, kuna siku ya kunyolewa nywele, na kabla ya kunyolewa kifungua mimba hatoki nje ya boma kwenda kutafuta pesa. Watu watasema alimfukia babake kama paka. Mume wangu alikuwa amekonda ndani ya siku chache. Alimpenda babake, na nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote, hata kama bado nilikuwa nimemkasirikia. Mtu anaweza kubeba yote mawili.

Mpwa alikuja kutoka Nairobi kumzika babu yake. Siku ya pili baada ya mazishi, mchana, nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha masufuria pamoja na wanawake wengine wa boma, nikaona anamvuta mjomba wake kando chini ya ghala la mahindi. Nilikwenda na maji yangu machafu kuyamwaga karibu nao. Sioni haya kusema hivyo.

"Mjomba, yale majina yanaisha," kijana alikuwa anasema. "Ilikuwa ya miaka miwili tu. Lazima tulipe tena, na tayari wametukumbusha. Kama si hii wiki, wataachilia."

"Si ulisema ni yangu?"

"Ni yako ukilipa."

"Wewe unaona mahali tuko?"

Na hapo ndipo walipofika akina mama wa soko. Walikuwa wamekodi pikapu kutoka Busia, wameleta sukari, majani ya chai na ndoo ya samaki wa kukaanga, na walikuwa wanaingia langoni wakilia kwa wimbo. Yule mama wa omena alikuwa mbele. Alimkumbatia mama mkwe, wakalia pamoja, kisha akasimama mbele ya watu wote akasema salamu za soko. Katika soko lile mwenye meza akifiwa, wenzake huifunika meza yake kwa gunia, na hakuna mtu anayeuza juu yake mpaka mwenyewe arudi kutoka matangani. Yule mama akasema kwamba meza ya langoni imefunikwa. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi kuuza chini, nje ya soko, mpaka msiba uishe.

"Hiyo meza mimi natumia tu," akasema. "Kila mtu anajua ni ya nani."

Mama mkwe alipiga magoti. Wanawake wakamshika. Mimi nililia kwa sauti, mimi ambaye sikuwa nimelia hata kaburini.

Mume wangu aliangalia yale yote, kisha akamgeukia mpwa wake, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Umeona?" akasema. "Meza aliuza, na bado wamefunika. Halafu unaniambia kuna mtu ataninyang'anya kitu yangu nikiwa kwa matanga ya baba yangu?"

"Mjomba, hao watu hawajui kama uko matanga."

"Waandikie waambie."

"Mtume kijana arudi Nairobi leo alipe," nikasema. Sikujali tena kuonekana kwamba nilikuwa nasikiliza. "Yeye ni mjukuu tu. Akikosa kunyolewa nani atakufa?"

"Wewe nyamaza. Hiyo ni desturi ya kwenu."

Kwao nilikuwa mke wa kutoka Kocholia, nami nikarudi kwa masufuria. Ninachotaka kusema ni kwamba aliamini. Hakuwa mvivu wala hakusahau. Aliliona kwa macho yake lile gunia lililofunika meza ya mamake, akadhani dunia yote ina gunia kama hilo.

Mpwa alirudi Nairobi baada ya kunyolewa. Alipofungua kompyuta alikuta yale maneno mengine bado yapo, hakuna aliyeyataka. Samaki lilikuwa limechukuliwa. Huenda na yule yule mtu wa ng'ambo, ambaye alikuwa amenyamaza kwa sababu alijua siku ya kuisha kwa usajili kuliko tulivyoijua sisi. Huenda na mwingine. Mume wangu alimlazimisha mpwa amwandikie huyo aliyelichukua, aeleze kwamba tulikuwa na msiba, kwamba mwenye neno alikuwa anamzika babake, na kwamba sasa amerudi. Jibu lilikuja. Mpwa alilisoma kwa simu, pole pole. Mtu yule alitupa pole nyingi kwa kufiwa na mzee, alisema anaelewa uchungu wa kumpoteza mzazi. Kisha akataja bei ambayo angetuuzia.

Mume wangu aliweka simu chini, akarudi kazini. Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo hakuwa tena mtu wa kucheka, na nilikuja kuzikosa zile hotuba zake za mezani, hata zile zilizoniudhi.

Aliyemwambia mamake ni yeye mwenyewe. Nilikuwepo. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, akasema neno limechukuliwa na mtu mwingine, sasa ni la huyo mtu kisheria, na hatuwezi kulitumia tena. Alisema meza itabidi ingoje. Mama alimshika kichwa, kilichokuwa kimeanza kuota nywele tena, akamwambia asijali, ziwa halijakauka.

Mama wa omena naye alikuwa amekusanya pesa zake kwa jasho, ana watoto wanaomtegemea. Msiba ulipoisha alilitoa gunia, akarudi mezani. Hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe akarudi barabarani na karai lake.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Busia kununua nyuzi na zipu. Nilikuwa kwa fundi mmoja mtaani niliposikia sauti ya mama mkwe inakuja kutoka uchochoroni. Nilisimama mlangoni nimsikilize, maana kuna wakati unapenda kumwona mtu wako kabla hajakuona. Alikuwa anatembea pole pole, mkono mmoja kwenye karai, mwingine kwenye nyonga.

"Ngege!" alikuwa anaita. "Mbuta! Ngege!"

Aliita hivyo mtaa mzima. Wanawake wa pale wengi walikuwa wageni, wake za polisi na wa maofisa wa forodha, watu wa pwani na wa bara. Ngege na mbuta ni samaki wa ziwani kwa majina ya huku, na wengine hawakuyajua. Nikaona mmoja anachungulia dirishani, halafu anafunga pazia. Wachuuzi wengine walikuwa wanapita wakiita samaki, samaki, na milango inafunguka. Yeye alipita na karai lililojaa.

Nilimkimbilia, nikampokea mzigo, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Mama, kwa nini hauiti samaki? Hawa watu hawajui ngege."

Aliangalia huku na huku, kisha akainamisha kichwa karibu na changu. Geti la mpakani lilikuwa linaonekana pale mbele, na askari wawili wamesimama kivulini.

"Si alisema hilo neno limepata mwenyewe?" akasema kwa sauti ya chini. "Kwamba hatuwezi kulitumia. Mimi ni mzee, wanifunge tu. Lakini wakiuliza nimelitoa wapi, watamfuata yeye. Sitaki mtoto wangu ashikwe."

Muda wote ule, tangu matanga, alikuwa ameuza hivyo. Alikuwa akirudi nyumbani na nusu ya karai, akikausha wanaobaki juu ya paa, na hakumwambia mtu. Nilimshika mabega, nikamweleza kwa Kiswahili rahisi nilichoweza, kwamba hakuna askari, hakuna sheria kama hiyo barabarani, ile ni habari ya kwenye mashini tu. Nikamwambia aite kwa sauti kubwa mpaka wasikie Uganda. Nikamwambia neno samaki ni la watu wote, lilikuwa la watu wote tangu zamani, na hakuna mtu anayeweza kulinunua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

"Kama ni ya watu wote, sasa mtoto wangu aliuza meza yangu akanunua nini?"

Nikajitwika lile karai, tukaondoka naye kuelekea nyumba za polisi.